Lensi za Kirusi chini ya jua la Joburg

Kabla hujatoa randi mfukoni, fanya hesabu hii. Ni saa saba mchana, mwezi wa saba, mbingu ya Johannesburg haina hata kipande cha wingu, na mbele yako amesimama mtu juani, mtaa wa Raleigh, Yeoville. Kanuni ya wapiga picha wa zamani inasema jua likiwa wazi, weka tundu la lensi kwenye f/16, kisha kasi ya shata ifuate ISO: ISO 100, shata 1/100. Lakini wewe umenunua Helios ya Kirusi kwa ajili ya f/2 yake, ile inayoushika uso na kuyeyusha kila kilicho nyuma yake. Kutoka f/16 kufika f/2 ni hatua 6, na kila hatua inaingiza mwanga mara mbili ya ile iliyotangulia. Shata inatakiwa ikimbie 1/6400. Kamera nyingi tunazozimudu zinaishia 1/4000. Uso utaungua, paji litakuwa jeupe kama karatasi, nawe utailaumu lensi bure.

Ninaanza na jua kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama, hasa sisi tuliotoka pwani. Tumezoea jua la Dar es Salaam na Mombasa, lenye mvuke ndani yake. Joburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ni ya ukavu. Hewa ni safi, vivuli vinakatwa kama kwa wembe. Lensi za kisasa zimepakwa tabaka nyingi za kuzuia mng'ao, kwa hiyo zinauchukua ukali huo kama ulivyo: mashavu yanang'aa, macho yanazama kwenye mashimo meusi. Lensi ya Kirusi ya miaka ya 1970 mara nyingi ina tabaka moja tu. Mwanga kidogo unarukaruka baina ya vioo vyake na kumwagika juu ya vivuli, ukavilainisha. Haikupi kitu ambacho hakikuwepo, ila inapunguza umbali kati ya cheupe na cheusi. Kwa ngozi zetu, chini ya jua la huku juu, huo ni msaada mkubwa, na ndiyo sababu yangu ya kuzipenda lensi hizi. Unafuu wa bei ni nyongeza.

Hesabu ile ina dawa tatu. Ya kwanza ni kichujio cheusi cha ND8, kinachokula hatua 3 za mwanga. 1/6400 inashuka mpaka 1/800 na unaendelea na kazi. Helios-44-2 inavaa kichujio cha milimita 49. Ya pili ni shata ya kielektroniki, kama kamera yako inayo, ingawa kitu kinachokwenda mbio kinaweza kutoka kimepinda. Ya tatu ndiyo ninayoitumia siku nyingi: mtoe mtu juani.

Yeoville yuko fundi cherehani, mzee wa Bukavu, anayefanyia kazi mlangoni mwa duka ili apate mwanga bila kuchomwa. Nilipomwomba picha alisema, "Ikala kwanza, mtoto yangu," akanisukumia kigoda. Nikakaa. Jua lilikuwa limepiga ukuta wa ng'ambo ya barabara, ukuta ukaurudisha mwanga, mwanga ukaingia mlangoni umepoa. Nikapima: f/2, ISO 100, shata 1/500. Mzee alikuwa na pini mbili mdomoni na utepe wa kupimia shingoni. Mimi nikawa nazungusha pete ya fokasi taratibu, nikiitafuta kope ya jicho lake la kushoto. Hapo ndipo alipozitoa zile pini, akazichomeka kwenye kola, akaniangalia. Kamera ya fokasi ya haraka ingeshampiga mara ishirini akiwa na pini mdomoni. Tafuta milango ya namna hiyo. Mji umejaa veranda, vibaraza vya maduka na ngazi za maghorofa ya zamani, na kila ukuta mweupe unaopigwa na jua ni taa ya bure.

Sasa lensi yenyewe. Ukiwa unaanza, usihangaike: nunua Helios-44-2, milimita 58, f/2. Ilichorwa kwa mfano wa Biotar ya Carl Zeiss Jena, na viwanda vya Kisovieti viliitengeneza kwa wingi kwa sababu ndiyo iliyouzwa pamoja na kamera za Zenit. Tunaziita lensi za Kirusi kwa mazoea tu. Krasnogorsk iko karibu na Moscow, lakini FED ni ya Kharkiv na Arsenal ni ya Kyiv, zote Ukraine, na Helios nyingine zilitoka Minsk, Belarus. Namba ya lensi imechongwa kwenye pete ya mbele, na kwa nyingi tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka: 78 ni 1978.

Helios-44-2 ina pete mbili za tundu, na hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Moja ina namba na inaweka kikomo. Nyingine ni laini, haina vituo, inafungua na kufunga mpaka kikomo ulichokiweka. Weka kikomo f/4, fungua pete ya pili mpaka mwisho uone vizuri, shika fokasi, kisha uifunge mpaka igote. Umefika f/4 bila kutoa jicho kwenye kamera. Baada ya siku mbili vidole vinafanya vyenyewe. Ukikutana na Helios-44M, hiyo ina swichi ya A na M. Iache kwenye M. Ila 44M-4 na ndugu zake waliofuata hazina swichi. Zina kipini kidogo nyuma, na kisipobonyezwa tundu linabaki wazi f/2 siku zote. Kwa hizo tafuta adapta yenye ukingo wa ndani unaokibonyeza.

Nyingine nitazipitia kwa ufupi. Mir-1, milimita 37, f/2.8, ni ya mitaani. Zipo zilizochongwa tuzo yake ya Brussels ya 1958 mbele kabisa. Jupiter-9, milimita 85, f/2, ni ya nyuso tu na ina upole wa ajabu ikiwa wazi, lakini zilizofunguliwa na mafundi wabaya ni nyingi mno, usinunue bila kuijaribu. Jupiter-37A, milimita 135, f/3.5, ni ya harusi na ibada, pale usipoweza kusogea mbele. Industar-50-2 ni ndogo kama kifuniko cha chupa kubwa, f/3.5, kali, inakaa mfukoni.

Lensi hizi haziongei na kamera ya kidijitali. Zinashikana nayo kwa chuma peke yake, kwa hiyo kinachoamua ni umbali kati ya mdomo wa kamera na sensa. Lensi za Zenit za hesi ya M42 zinahitaji milimita 45.46. Kamera zisizo na kioo ndani zina umbali mfupi sana: Sony E ni 18, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16, Fujifilm X ni 17.7. Adapta ni bomba tupu linalojaza pengo hilo. Halina kioo ndani, kwa hiyo hata la bei nafuu halitaharibu ubora wa picha, mradi lisicheze. DSLR za Canon, zenye kioo ndani, ni milimita 44, pete nyembamba inatosha, ila kwenye zile za fremu kamili angalia kioo kisigonge sehemu ya nyuma ya lensi. DSLR za Nikon zina milimita 46.5. Hapo lensi inakaa mbali kuliko inavyotakiwa, nawe hutashika fokasi ya kitu kilicho zaidi ya mita chache. Zipo adapta zenye kioo cha kusahihisha, na kioo hicho ndicho kinachoiharibu picha. Kama una DSLR ya Nikon, mimi ningekushauri uweke akiba ununue Sony A7 ya kwanza, ile ya 2013, iliyotumika. Ina fremu kamili, na Helios inaonekana yote.

Kuna mtego mmoja ulionilia pesa. Lensi za hesi ya M39 ziko za aina mbili, na ukizitazama kwa nyuma hesi ni ileile. Moja ni ya kamera za Zorki na FED, inataka milimita 28.8. Nyingine ni ya Zenit za mwanzo, inataka 45 na ushee. Mimi nilinunua Helios-44 ya fedha, nzuri kama pambo, muuzaji akaniambia adapta yoyote ya M39 itafaa. Hesi ikaingia vizuri kabisa. Nikasimama dirishani nikazungusha pete mwanzo mpaka mwisho, na hakuna umbali hata mmoja ulioshika fokasi, si jirani wala mnara. Lensi ilikuwa imesogea karibu na sensa kwa milimita 16 zaidi. Dawa yake ni kipete cha kugeuza M39 kuwa M42, halafu adapta ya kawaida ya M42. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza lensi ilitoka kwenye kamera gani. Muuzaji asipojua, tazama umbo: Helios za M39 ni za Zenit, Jupiter-8 na Industar-61 L/D ni za Zorki na FED.

Za kununua utazipata wapi? Pretoria na Moscow hawakuwa na uhusiano wa kibalozi kuanzia 1956 hadi 1992, kwa hiyo usitegemee kuzikuta huku zimetapakaa kama Uingereza. Nyingi nilizokutana nazo zilikuja ndani ya begi la mtu. Pita kwenye kabati za vioo za Cash Crusaders na Cash Converters, fuatilia minada ya Bob Shop, na usidharau Zenit nzima iliyokufa shata: bei yake wakati mwingine ni chini ya bei ya lensi peke yake. Wauzaji wa Ukraine wanazo nyingi na wengi ni waaminifu, ila weka hesabuni VAT ya asilimia 15 na gharama za msafirishaji kabla hujafurahia bei.

Ukiishika mkononi, washa tochi ya simu. Fungua tundu mpaka mwisho, mulika kutoka nyuma, tazama kutoka mbele kwa mshazari. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, rudisha. Wingu jepesi lililotanda sawasawa ni mvuke wa grisi. Fundi anaweza kulisafisha, lakini omba punguzo. Mafuta kwenye mapanga ya tundu yanatisha kwa macho, ila kwa Helios-44-2 hayana madhara makubwa, kwa sababu mapanga yake 8 yanasukumwa na mkono wako, si springi. Zungusha pete ya fokasi. Ikiwa nzito lakini inakwenda sawa, ni grisi ya zamani. Ikikwama sehemu moja na kulegea nyingine, iache.

Kwenye kamera kuna mambo matatu ya kuweka kabla hujatoka nyumbani. Tafuta kwenye menyu ruhusa ya kupiga bila lensi, maana kamera inadhani haina lensi na itakataa. Kisha, kama sensa yake ina utulizaji wa mtikisiko, iandikie mwenyewe urefu wa lensi: 58. Ukiacha namba nyingine, itatuliza vibaya. Halafu weka hali ya A, au Av kwa Canon; tundu unalishika wewe, kamera itatafuta shata.

Fokasi ndiyo kazi yenyewe. Kwenye f/2, mtu akiwa mita moja na nusu mbele yako, kina kilicho wazi kwenye fremu kamili ni sentimita 8 hivi. Ukimsogelea mpaka nusu mita, mwisho wa Helios, kinabaki chini ya sentimita moja: kope ziko wazi, ncha ya pua haipo. Ile rangi ya kingo ambayo kamera inaiwasha kuonyesha kilicho kwenye fokasi inasaidia ukiwa f/5.6, lakini kwenye f/2 inadanganya, kwa sababu lensi hizi zikiwa wazi zina ulaini unaoifanya kamera ione kingo hata pale ambapo hazijashika. Amini ukuzaji. Weka kitufe kimoja kinachokuza picha kwenye kioo cha kutazamia, upeleke ukuzaji kwenye jicho la karibu, zungusha pete mpaka lipite kidogo, rudi. Mtu akitikisika, usikimbilie pete. Pumua nje, sogeza mwili wako mbele au nyuma kwa upana wa vidole viwili. Ukiona unakosa kila mara, funga mpaka f/4. Kina kitakuwa maradufu na picha bado ni ya Helios.

Mjini, kwenye msongamano wa Jeppe au Noord, achana na habari za kuzungusha. Funga Mir-1 mpaka f/11, weka pete kwenye mita 4, ISO 400, shata itakuwa karibu 1/800 juani. Kwenye fremu kamili kila kitu kuanzia mita 2 na kwenda mbali kiko wazi, na kazi yako ni kutazama tu. Lakini kwanza hakikisha alama za mita zinasema kweli, maana adapta nyingi zimekatwa fupi kidogo na alama ya mwisho wa upeo inapitiliza. Panda kilima cha Northcliff asubuhi, elekeza lensi kwenye mnara wa Hillbrow, kuza, shika fokasi, uone pete imesimama wapi. Kama ni kabla ya alama, tia nukta ya rangi ya kucha hapo. Na ukienda mjini nenda wawili, kamera ikae ndani ya mfuko mpaka unapoihitaji, na muombe mtu ruhusa kabla ya kumpiga. Wengi wetu huku tuna sababu za kutotaka sura zetu zisambae.

Kuna picha moja ambayo kila mwenye Helios anaitaka, ile ambayo majani nyuma ya mtu yanazunguka kama maji yanayoshuka kwenye bomba. Mzunguko huo unatoka pembeni mwa lensi. Mwanga unaopita katikati unatoka kama duara kamili, lakini unaoingia kwa mshazari unakatwa na ukingo wa bomba la lensi, na kila duara linabanwa kuwa kama jicho la paka. Macho hayo yote yanajipanga kuzunguka katikati ya picha. Ndiyo maana sensa ndogo inakunyima sehemu kubwa ya mzunguko. Inazikata zile pembe. Na ndiyo maana mtu lazima awe karibu na kati ya picha, kwani pembeni ni dhaifu.

Joburg imejaliwa kwa hili. Kabla ya dhahabu ya 1886 hapa palikuwa nyasi tupu, miti karibu yote imepandwa, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja mijakaranda inafanya mitaa ya Kensington na Melville kuwa ya zambarau juu na chini. Mweke mtu mita moja na nusu au mbili kutoka kwako, mti uwe mita saba mpaka kumi nyuma yake, f/2, na hapa ni muhimu: mbingu ichungulie baina ya matawi. Mzunguko hautoki kwenye majani yaliyoshikana kama ukuta. Unatoka kwenye vitobo vya mwanga. Nenda kabla ya saa mbili asubuhi. Kiangazi mvua za radi hushuka alasiri, na lensi hizi hazina mpira wowote wa kuzuia maji. Jua likiwa mbele yako, kinga lensi kwa mkono au kofia, la sivyo ule mwanga unaolainisha vivuli utaifunika picha nzima kama pazia.

Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba baridi inakaribia sifuri, na grisi ya miaka arobaini inakuwa kama nta. Usiilazimishe pete. Iweke lensi ndani ya koti dakika kumi. Mwezi wa nane upepo unabeba vumbi la marundo ya migodi, kusini mwa mji zaidi. Badilisha lensi ukiwa ndani ya gari au mlangoni, mdomo wa kamera ukitazama chini, na adapta iache imefungwa kwenye lensi moja kwa moja.

Ukavu huuhuu unaokausha midomo yetu ndio unaolinda vioo. Lensi inaweza kukaa juu ya kabati la Joburg miaka bila kuota kuvu. Ukiirudisha nyumbani ni habari nyingine. Yangu moja iko Dar es Salaam, kwa dada yangu. Inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, juu ya pakiti nne za silika, zile zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, na haikai ndani ya kile kikoba chake cha ngozi, kwa sababu ngozi hunywa unyevu. Kila Jumamosi dada anaitoa, anaiweka dirishani penye upepo kwa saa moja, anazungusha pete zote tatu mwanzo mpaka mwisho, anaimulika kwa tochi ya simu, na kunitumia picha ya alichokiona.